Pasi ya Shangazi

Picha ya kwanza katika daftari la Kwanini ilikuwa ya pasi. Aliichora Jumatatu asubuhi mezani kwao, kabla baba yake hajaiviringisha kwa taulo na kuitia kwenye begi, na chini yake akaandika: Pasi ya Shangazi, mpya, kilo moja na robo. Kwanini alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwa jinsi alivyopenda kuuliza, jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye orodha ya mahudhurio tu. Mwalimu wa sanaa alimpa kazi ya likizo: safari nzima aiandike na kuichora, kurasa kumi na mbili, kwa sharti moja. Achore anachokiona, asichore alichoambiwa.

Walisafiri watatu: yeye, mama yake, na baba yake, ambaye ni fundi wa kufuli na vitasa. Walikuwa wanakwenda nchi ya pili kumchukua Shangazi, dada mdogo wa fundi. Shangazi alikwenda huko kufanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili, na sasa ulikuwa mwaka wa saba. Kila alipopiga simu alisema haraka haraka kwamba pasi yake inashikiliwa na mwenye nyumba, kwa hiyo hawezi kuja. Nyumbani walimwelewa bila shida. Shangazi alikuwa mtanashati tangu utotoni. Hata akitumwa chumvi alinyoosha kwanza kitambaa cha kichwani. Mtu wa namna hiyo hawezi kuvuka mpaka na nguo zenye makunyanzi. Bibi ndiye aliyekata shauri. Alisema mwenye nyumba huyo ana choyo cha ajabu, kisha akamwagiza fundi anunue pasi, ampelekee mdogo wake, na arudi naye kabla macho yake yeye Bibi hayajaisha nuru.

Mwenye nyumba aliwapokea vizuri. Aliwapa chumba cha wageni kwa siku nne, akamkalisha Shangazi sebuleni pamoja nao, mikono juu ya magoti, na Kwanini akamchora hivyo hivyo. Fundi akatoa zawadi. Shangazi aliifungua taulo, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha kucheka. Alisubiri mwenye nyumba aende kupokea simu.

"Kaka, si pasi ya kunyooshea," alisema. "Ni pasi ya kusafiria."

Fundi aliitazama ile pasi. Alisema hata hivyo ina dhamana ya miaka miwili.

Asubuhi iliyofuata kiti katika picha kilikuwa kitupu. Shangazi alikuwa ameshuka chini ya ukurasa, karibu na maandishi, amepiga magoti anadeki ukumbi ambao Kwanini hakuuchora. Mama aliigeuza karatasi kwenye mwanga, akasema penseli za bei rahisi ndivyo zilivyo. Kwanini alikwenda ukumbini na kumkuta Shangazi amepiga magoti, anadeki.

Akaanza kuchunguza. Alimchora baba, na baba akabaki palepale alipochorwa hata alipotoka kwenda dukani. Alimchora mama, naye akatulia. Mwenye nyumba alikaa siku zote nne na kikombe cha chai karibu na mdomo. Aliyetembea ni Shangazi peke yake. Saa nne alikuwa kwenye beseni la nguo, saa saba jikoni, saa nane anakula wima mbele ya jokofu, saa tisa ananyoosha mashati. Kwanini aliandika saa pembezoni mwa ukurasa. Alimuuliza Shangazi kwa nini hakai chini. Shangazi akajibu kwamba hukaa, akajaribu kukumbuka ni lini, kisha akaenda kuanua nguo.

Mwenye nyumba alilipenda sana daftari. Aliomba waliache, maana lingempunguzia kazi ya kuita nyumba nzima kila anapomtaka mtu. Kwanini alisema ni kazi ya shule. Mwenye nyumba alikuwa anaheshimu elimu, hakusisitiza.

Picha ya ukurasa wa kumi na moja ilikuwa ya meza ndogo ya ukumbini. Kwanini aliichagua kwa sababu kila Shangazi alipopita hapo, katika picha na nje ya picha, mwendo wake ulipungua. Pasi ya kusafiria ilikuwa ndani ya droo ya meza hiyo. Kwanini aliichora droo kama ilivyokuwa, imefungwa, na tundu la ufunguo katikati.

Siku ya mwisho mwenye nyumba alikwenda saluni, akasema atakawia saa mbili. Fundi aliinama, akachungulia lile tundu, akasema hiki ni kitasa cha kabati la bei nafuu, hata pini ya nywele inakitosha. Shangazi alichomoa pini kichwani akampa.

Fundi aliishika. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kufungua kitasa bila ruhusa ya mwenyewe. Ndiyo sababu mtaani kwao watu walimwachia funguo za nyumba nzima wakasafiri.

"Siwezi kufungua cha mtu bila yeye kuniruhusu," alisema.

"Mwenye meza ni yeye," Shangazi akamjibu. "Mwenye pasi ni mimi. Nakuruhusu."

Fundi alifikiri sana. Alikiri kwamba hoja hiyo ina uzito. Kisha akasema watu wazima huzungumza, atazungumza na mwenye nyumba akirudi, na kwa mazoea ya kazi akaitia pini kwenye mfuko wa shati. Shangazi aliona aibu kwa niaba yake, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Mwenye nyumba alirudi nywele zimekaa vizuri, akamsikiliza fundi mpaka mwisho. Alisema maneno hayo yamemuumiza. Shangazi katika nyumba hiyo ni kama ndugu, na hati za ndugu wote huwekwa mahali pamoja, hata za watoto wake wa kuwazaa. Tena Ijumaa alikuwa na wageni.

Kwanini alisema darasani walifundishwa kwamba penye neno kama, vitu ni viwili. Mtu aliye kama simba si simba. Mama akamfinya. Mwenye nyumba alicheka, akasema mtoto ana akili, akatoa boksi la biskuti wampelekee Bibi. Fundi alishukuru. Alishukuru mara mbili.

Mpakani afisa wa uhamiaji alipekua begi, akalipekua na daftari, akahesabu watu. Aliuliza mbona fomu inasema watatu na yeye anaona wanne. Mmoja, alisema, alikuwa anamenya viazi. Akataka hati yake. Kwanini alimfunulia ukurasa wa kumi na moja. Afisa aliitazama droo kwa muda.

"Hati anayo, ila imefungiwa," alisema, akagonga muhuri pembeni ya meza iliyochorwa, akaita wanaofuata.

Mwalimu alimpa Kwanini alama kumi na nane kwa ishirini. Mbili alizikata kwa sababu alisahihisha asubuhi, na kurasa tatu hakuona mtu.

Daftari sasa linakaa kwa Bibi. Kila jioni, mwenye nyumba anapotazama taarifa ya habari, Shangazi huja mbele ya ukurasa, akaketi sakafuni, akamtazama mama yake. Bibi husogeza karatasi mpaka inagusa pua, akamsimulia nani kaoa na nani kahama. Shangazi huitikia kwa kichwa. Taarifa ikiisha, huinuka.

Hapo fundi huliomba daftari. Hufungua ukurasa wa kumi na moja, akatoa pini mfukoni, akaijaribu kwenye lile tundu, taratibu, asije akatoboa karatasi. Jana alimwita Kwanini.

"Ichore imefunguliwa," alimwambia.

"Sijaiona ikifunguliwa, Baba."

Fundi alirudisha pini mfukoni. Katika ukurasa wa pili Shangazi alikuwa ameshasimama, ananyoosha mashati ya nyumba ile kwa pasi mpya. Pasi ilikuwa nzuri. Haikuacha hata kunyanzi moja.