Somo Lisilorudiwa

Wanafunzi wake walimbandika jina la Bi Mnofu, naye alilijua na wala halikumkera, maana lilitoka kinywani mwake mwenyewe. Alifundisha Kiingereza jioni, katika chuo kidogo kilichokuwa juu ya duka la vifaa vya umeme, na siku ya kwanza ya kila muhula aliwaambia wale watu wazima, wapishi na walinzi na akina mama waliotoka kazini miguu ikiwawaka moto, kwamba sentensi za vitabuni ni mifupa mitupu. Nani aliwahi kukutana na yule bwana wa vitabuni anayekula tofaa kila asubuhi? Darasani kwake kila mtu atoe sentensi yenye mnofu, jambo lililomtokea kweli, yeye au wa nyumbani kwake. Sharti la pili lilikuwa kali zaidi: somo halirudiwi. Likikupita limekupita, utajijua mwenyewe.

Jumatano ile alisogeza somo. Lilikuwa la Ijumaa, alikuwa amelitangaza mwenyewe, na watu walikuwa wakilingoja kwa hofu. Lilihusu vile vitenzi vya Kiingereza vya kutendwa ambavyo huburuta kineno mkiani. Kiswahili chetu humaliza kila kitu ndani ya kitenzi kimoja: mtu katunzwa, daktari kaitwa, mtu kachekwa, basi. Mwingereza hana raha hiyo. Yeye husema was looked after, was sent for, was laughed at, na kile kineno cha mwisho, ambacho sisi hukiona kama kimesahaulika pale, ndicho kinachoshika maana yote. Kikate, Bi Mnofu aliwaambia huku akigonga ubao kwa chaki, na mgonjwa wako hakutunzwa tena, katazamwa tu, na hata huko kutazamwa hujakusema vizuri. Waliokuwa wakijiandaa kwa usaili wa hospitali hawakuwa na pa kukwepea, kwa sababu wahudumu wanapokabidhiana zamu huongea hivyo tangu mwanzo hadi mwisho.

Mlinzi mmoja mrefu akasimama akasema I was laughed at, akaeleza jinsi suruali ilivyompasukia langoni mbele ya wakubwa, na darasa likamcheka tena hapo hapo. Mpishi akaleta kisa cha mumewe, ambaye was run after by a dog. Alipoulizwa kwa nini yule mbwa aliyemkimbiza hakutupiwa jiwe, alisema mbwa ni wa mama mkwe, nani angethubutu. Bi Mnofu alicheka nao, lakini kicheko chake kiliishia menoni.

Kiti cha karibu na dirisha kilikuwa kitupu. Kilikuwa kiti cha wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume. Kila Jumatano wifi alimpeleka mama kliniki, mama mzazi wa Bi Mnofu, aliyepooza miguu, na hawakurudi mpaka jua lizame. Bi Mnofu alilijua hilo vizuri kabisa. Mpishi, ambaye hakosi la kuuliza, akataka kujua kwa nini somo halikungoja Ijumaa.

"Ratiba imebadilishwa," alijibu, akageukia ubao.

Imebadilishwa na nani, hakusema. Ndiyo starehe ya kutendwa, kwa Kiingereza na kwetu pia: mtendaji hutoka kwa mlango wa nyuma, sentensi ikabaki imesimama bila aibu. Alifuta ubao mapema kuliko kawaida yake, akawaruhusu waende.

Sababu yenyewe ilikuwa hii. Hospitali moja inayopokea wagonjwa kutoka nchi za nje ilitaka wahudumu, nao wangelala huko huko kazini. Usaili ulikuwa Jumatatu. Wifi ndiye aliyekuwa akiongea vizuri kuliko wote darasani; angeenda angepata, na angepata angeondoka, kisha kitanda cha mama kingebaki na nani? Mdogo wake ni dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani huonekana kwa nadra. Abaki nani tena kama si yeye, binti mkubwa, anayekaa mtaa wa pili, anayekuja Jumapili na mfuko wa matunda, akaketi kitini, akauliza mama kaamkaje, akaaga. Hajawahi kumgeuza mama yake hata siku moja. Anaogopa. Anaogopa ule uzito na ile harufu ya dawa, na zaidi ya yote anaogopa kumwona mama yake bila nguo.

Basi mkuu wa chuo alipomuuliza akina nani wameiva kwa usaili, alitaja majina, na la wifi lilipofika kooni akalimeza. Wifi mwenyewe akaambiwa bado kidogo, asubiri mwakani; na ili ionekane kweli hajaiva, somo la usaili likasogezwa siku asiyokuwepo. Na unajua yule mwanamke alifanya nini? Alishukuru. Alisema afadhali mwalimu anayekuambia ukweli kuliko wa kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Jumamosi mchana wifi akampigia simu. Alijua sharti la darasa, alisema, lakini anaomba kama ndugu, amdokezee hata kidogo lile somo lililompita. Bi Mnofu alikwenda kwake akikokota miguu. Alikuta dirisha liko wazi, redio ya mama imefungwa kwa mpira isiachane, beseni la maji ya vuguvugu juu ya stuli, na wifi kakunja mikono ya gauni anamwosha mama mgongo. Hakutaka kazi ilale. Akaomba afundishwe hivyo hivyo, mikono ikiwa majini. Mama alilala ubavu akiwasikiliza. Miguu ndiyo iliyomgomea. Akili yake ilikuwa timamu na masikio yake ya kumsikia paka akikanyaga zulia.

Somo halikuchukua muda. Wifi alikishika kile kineno cha mkiani mara ya kwanza tu na hakukiachia tena. Bi Mnofu akamtaka atoe sentensi yake, yenye mnofu. Wifi alikausha mikono, akafikiri, kisha akasema taratibu, kila neno mahali pake: "Our mother is looked after by her daughter."

Mama yetu anatunzwa na bintiye. Bi Mnofu akamrekebisha upesi, kwamba yeye ni mkwe, na mkwe kwa Kiingereza ana neno lake. Wifi akatikisa kichwa. Alilijua hilo neno, alisema, ila hakukosea. Hivyo ndivyo anavyowajibu wageni siku zote. Mtu akiingia akazisifu shuka, au akashangaa mama kulala muda wote huo bila kidonda mgongoni, yeye husema mama anatunzwa na bintiye mkubwa, yule mwalimu.

"Wewe ndiye mkubwa wetu," alisema. "Watu wakianza kukusema, sisi tutaficha wapi nyuso zetu?"

Bi Mnofu aliona aibu ya kumtoa jasho mpaka nyuma ya masikio. Miaka yote hiyo amekuwa akisifiwa kwa mgongo asioujua ulivyo! Akafungua kinywa akasema kuna somo lilisogezwa, na kuna jina liliachwa. Akajisikia mwenyewe anavyosema, mtendaji keshatoka tena kwa mlango wa nyuma. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza upya.

"Nililisogeza mimi, wifi. Nilijua Jumatano hutakuwepo. Na mkuu wa chuo aliniuliza nani kaiva, nikakuacha nje kwa makusudi, wakati umeiva kuliko wote. Niliogopa utaondoka, mama abaki mikononi mwangu."

Wifi alilikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. Afadhali angetukana. Mwishowe akauliza kama Jumatatu bado inawezekana. Bi Mnofu akatoa simu hapo hapo, akaiweka sauti ya juu ili asipate pa kujificha, akamwambia mkuu wa chuo kwamba alimdanganya, akamweleza alivyomdanganya na kwa nini. Mkuu akaguna muda mrefu. Akasema wifi aende Jumatatu, ila mwalimu apite ofisini kwanza kabla ya kuingia darasani tena.

"Nitakwenda," wifi alisema, bila kumtazama. "Lakini sina wa kumwachia mama. Wewe sikuamini."

"Nenda, mwanangu," mama akasema, kichwa juu ya mto, na mwanangu huyo alikuwa wifi. "Huyu mwalimu niachie mimi."

Wifi akabeba beseni akatoka uani, na mlango akaufunga. Mama akaanza kumwelekeza binti yake: mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, goti juu ya kitanda, avute, asinyanyue. Bi Mnofu akafanya. Mwili wa mama ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na wa moto. Shuka ikajikunja chini ya mgongo, mama akafumba macho kwa maumivu. Bi Mnofu akaachia. Akaomba radhi, machozi yakimtoka, akasema labda leo wifi amalizie tu, yeye atazame, kesho ndipo ajifunze.

Mama alishusha pumzi, akangoja maumivu yapungue. Habari za darasa la binti yake, na sharti lake la kujivunia, alikuwa akizisikia kila Jumapili kutoka kitandani hapo.

"Langu mimi linarudiwa," alisema. "Zunguka upande huu, uanze tena."