Mikoba ya Italia Inayoshonwa Ntinda

Ujinga ulikuwa wangu, nasema mwenyewe. Mimi Mbambu, mtoto wa Butembo kule Kongo, nashona mikoba hapa Ntinda, Kampala, na kila mkoba niliushonea lebo ya "Italia", kwa sababu akina mama wa soko la Owino hawataki hata kusikia habari za Ntinda.

Basi Okinyi, mfanyabiashara wa Kisumu, Kenya, akaagiza mikoba mia mbili. Sharti lake moja: ije na cheti cha kuonyesha imetengenezwa Uganda, ili ipite mpaka wa Busia bila ushuru, kama nchi zetu zilivyokubaliana. Bila cheti, hataki hata mmoja. Nikaomba cheti mbio mbio. Lebo nikazisahau kabisa.

Afisa wa vyeti, Ojara, akaja kukagua karakana. Akaokota mkoba, akasoma lebo, akanitazama kama mwizi wa kuku.

"Mama, hii ni ya Italia. Bibi yangu iko nayo hivi hivi. Nilinunua Owino, bei kali. Usinidanganye."

Kicheko kikanipanda, nikakibana kwa kitenge.

"Bosi, mpigie bibi yako nyumbani, afumue bitana. Akikuta kitambaa cha bluu kilichobaki jubilei ya kwaya yetu, basi mkoba huo nimeushona mimi, hapo hapo uliposimama."

Akapiga, simu akaiweka spika. Tukasikia makasi, kisha sauti ya mkewe, Latifah, ikajaa karakana.

"Ojara, humu ndani imeandikwa Kwaya ya Ntinda, miaka ishirini na tano. Si uliniambia imekuja na ndege?"

Ojara akakata simu. Akaniamuru nishone mkoba mmoja mbele yake, mwanzo hadi mwisho. Nikashona huku mabega yakitetemeka kwa kicheko. Akasaini bila kuniangalia usoni, akasema lebo zote zitoke.

Kesho yake Latifah akaingia na mkoba wake uliofumuliwa. Nikajua leo nakula kofi.

"Shona bitana, na nje weka jina lako," akasema. "Italia, Ojara atanipeleka mwenyewe."

Nikafumua lebo zote mia mbili, nikashonea mpya: Mbambu, Kampala.

Ijumaa Okinyi akapiga simu. Mikoba imevuka. Miaka kumi na moja nipo hapa, na kila dirisha la ofisi naulizwa natoka wapi, karatasi zangu ziko wapi. Sasa jina langu limepita Busia mara mia mbili na hakuna aliyeliuliza kitu. Nilicheka mpaka nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano.