Kijiko cha Glikoli

Mwenye bucha alipiga teke mlango wa karakana ya krimu, akaingia na kisu chake cha kazi mkononi. Akabwaga kopo la krimu mezani. Mke wake, alisema, amevimba uso mpaka macho yamefumba, na leo hii mtu atachinjwa.

Fundi wa krimu hakutetereka. Mwanamke huyu alikuwa na kiburi cha kazi yake, na kiburi chenyewe alikuwa amekitolea jasho. Hakuna krimu iliyotoka pale kabla hajaipaka ndani ya kiwiko chake na kulala nayo. Alimweleza kwamba glikoli, yale maji mazito yasiyo na rangi, hushika unyevu ngozini, hudhoofisha vijidudu ndani ya kopo, na huifanya krimu iteleze. Kazi zote hizo kwa kijiko kimoja kwa sufuria, na ngozi haidhuriki.

"Basi jipake," alisema mwenye bucha. Akamkamata nywele, akamgandamiza kichwa mezani, kisu shingoni.

Fundi akachota krimu ya kopo lile, akajipaka mashavu yote mawili, tena kwa madaha, ili amuumbue. Mara mashavu yakaanza kuwasha. Kuwasha kukageuka moto, machozi yakamchuruzika. Akamtafuta kwa macho mdogo wake wa kiume, mchanganyaji wake, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mapipa. Kijana alikuwa anatazama viatu vyake.

"Dada, si ulisema glikoli inafanya kila kitu?" alisema. "Ulipomaliza kujaribu, nikaongeza kidogo."

"Kidogo gani?"

"Kikombe."

Mwenye bucha alimwachia kwa mshangao. Fundi akachomoa mwiko sufuriani, akampiga ndugu yake puani. Damu ikaruka. Kijana akainua mkono kujikinga, dada akaupiga huo mkono, mfupa ukalia. Aliendelea kupiga, hasira imempofusha, mpaka mwenye bucha akatupa kisu ili amshike.

"Utamuua, mama."

Fundi alihema mikononi mwake. "Mkeo mwoshe kwa maji mengi," alisema. "Usimpake kitu kingine. Mpeleke hospitali, sasa hivi."

Mwenye bucha akatoka mbio. Fundi akaweka uso chini ya bomba. Maji yalimtiririka hadi kiwikoni, na pale alipojaribia krimu ngozi ilikuwa laini, haina hata kipele. Alichokipima hakikuwa alichokiuza, na hilo lilimuuma kuliko mashavu.

"Makopo mengine yako wapi?" aliuliza.

Ndugu yake alitema damu sakafuni. "Nimeyauza yote, dada."