Madume wa Njano kwenye Benchi la Baba

Kaka yangu akishaamua jambo, hulitangaza mpaka majirani walijue. Asubuhi ile nilimsikia hata kabla sijafungua geti la Mama: benchi linachomwa leo, mafuta ya taa haya hapa, na asiyetaka moshi afunge madirisha yake.

Benchi lenyewe ni la marehemu Baba. Alikuwa seremala, na juu ya ubao ule alitengeneza vitanda vya nusu ya mtaa. Tangu azikwe liko kwenye baraza ya nyuma, na nyuki wakubwa wamelitoboa upande wa chini. Mama huwaita mafundi. Kila siku hunywa chai yake ya asubuhi karibu nao, na hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza kwa nini.

Lakini Kaka naye hakuwa na wazimu. Mwaka jana binti yake aliumwa na nyuki wa asali, akavimba uso mpaka macho yakapotea, na daktari alituonya vikali. Sasa mtoto amehamishia michezo yake hapo hapo barazani. Kwa hiyo sikumcheka. Nilitoa lenzi mkobani, maana kutambua nyuki ndiyo kazi inayonilisha, na kwenye kazi hiyo sina unyenyekevu hata chembe.

"Wapo wa aina mbili," Kaka alinieleza. "Weusi ni wapole, hawana neno. Shida ni hawa wa njano. Wanakuja kukusimamia hapa puani kama askari wa getini!"

"Ni aina moja," nikasema.

"Huyu mweusi tii, huyu njano, halafu aina moja? Mdogo wangu, usinifanye mtoto."

Nikachukua glasi mezani, nikamvizia mmoja wa njano aliyekuwa akielea mbele ya benchi, nikamfunika. Kisha nikaingiza mkono nikamfumbata. Alinguruma kama pikipiki. Mtoto akapiga kelele, na Kaka akanidaka kiwiko.

"Mwachie! Una kichaa?"

"Tulia, mwangalie." Nikambana mabawa taratibu kwa vidole, nikampa Kaka lenzi. "Macho makubwa, yanakaribia kukutana utosini. Miguu ya nyuma haina manyoya mazito ya kubebea chavua. Hesabu vipande vya kipapasio: kumi na vitatu. Jike ana kumi na viwili. Huyu ni dume, na dume hana mwiba. Kazi yake ni kufukuza madume wenzake, na kwake hata pua yako ni dume mwenzake."

"Na weusi?"

"Wake zake. Wao ndio wenye mwiba, ingawa hawautumii mpaka mtu awabane."

Sisi wenyewe wa kazi hii tumewahi kuwabandika mume na mke majina mawili kama aina mbili, tukaona tumegundua kitu. Nilikuwa najiandaa kumfariji Kaka kwa habari hiyo nilipoona uso wake umebadilika.

"Wiki nzima namwambia mtoto awakimbie wa njano," alisema polepole. "Weusi nimemwacha awachungulie. Jana alikuwa anaingiza kidole tunduni."

Akainama, akanyanyua dumu la mafuta. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyokuwa inaenda kuliunguza benchi la Baba.

"Weka chini," Mama akasema kutoka mezani, kwenye chai yake.

Hakupaza sauti. Kaka akaliweka chini.

"Asubuhi huwa wanakwangua mbao humo ndani. Nikifumba macho, ni baba yenu yuko kazini. Sina sauti yake nyingine." Akasukuma kikombe pembeni. "Mbao zake ziko stoo. Ziba upande wa mtoto, wapitie nyuma. Hilo benchi halichomwi, nami nikiwa hai."

Nilimwachia dume wangu. Akarudi moja kwa moja kumsimamia Kaka puani.

"Bibi," mtoto akauliza, akimnyooshea Kaka kidole, "Baba ana mwiba?"

"Hana, mjukuu wangu. Ananguruma tu."

Kaka alicheka kuliko sisi wote, kisha akaenda stoo. Alirudi na mbao na nyundo ya Baba, akapiga magoti, akaanza kugongomea. Nilitaka kumwambia Mama asogee, vumbi lisimwingie kwenye chai. Nilipomgeukia, alikuwa amefumba macho.