Maji Yakifika Goti

Jumatatu saa mbili asubuhi muuguzi wa huduma ya afya ya akili alipanga mkoba wake kama kawaida: fomu kumi, kalamu mbili, kipimo cha presha, taulo ndogo na ndala za plastiki. Ndala zilikuwa za kuingilia majini. Alikuwa mwanamke mfupi, mfupi hasa, wa kuegemeza kidevu kwenye kaunta ya mapokezi bila kuinama, na mtaa mzima ulimwita Sista Nukta. Mwenyewe aliitika. Alisema jina la utani likishakukaa, kulikataa ni kujichosha bure.

Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili nyuma ya zahanati, kati ya stoo ya chanjo na choo cha wafanyakazi. Kazi yao ilikuwa kuwahudumia watu wazima, watoto na familia walioingiliwa na maji nyumbani. Maji hayo watu walikuwa wameyazoea. Mtu akielemewa moyoni kwa muda mrefu, sakafu yake huanza kulowa, kisha maji hupanda. Hayatoki bombani wala darini. Huwa ya uvuguvugu, kama ya kuoga yaliyosahauliwa kwenye ndoo, na hata mlango ukiachwa wazi hayavuki kizingiti. Zamani mafundi bomba waliitwa sana. Siku hizi wakipigiwa simu huuliza kwanza, "Ni maji ya bomba au ya moyo?" Wakiambiwa ya moyo, hutoa namba ya zahanati.

Wauguzi walikuwa wawili kwa mitaa minane, kwa hiyo kulikuwa na kanuni. Huduma ilitolewa kwa nyumba ambayo maji yamefika goti. Chini ya hapo mtu alipewa karatasi ya kurudi yatakapofika. Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu wa jambo hilo: Maji yamefika goti la mpimaji? Ndiyo, Hapana. Aliyeitunga hakuwaza kwamba wapimaji hawalingani magoti.

Muuguzi wa pili, ambaye ndiye aliyekuwa mratibu, alikuwa mrefu wa kutisha. Huyu walimwita Mlingoti. Alikuwa mpole, mwenye sauti ya kuomba radhi, na alijua majina ya watoto wa kila nyumba aliyowahi kuingia. Lakini nyumba alizopima yeye zilipata huduma miezi mitatu minne baada ya zile za Sista Nukta, kwa sababu maji yalikuwa na safari ndefu zaidi. Jambo hilo wote wawili walilijua, na halikuwa na mahali pa kuandikwa kwenye ripoti.

Asubuhi hiyo, kabla Sista Nukta hajafunga zipu ya mkoba, mpishi wa shule ya jirani aliingia, sketi yake imelowa hadi karibu na magoti. Alikaa bila kukaribishwa.

"Kaka yangu anazama," alisema.

Kaka yake alikuwa fundi cherehani. Mkewe alifariki mwaka mmoja na nusu uliopita, akamwachia binti wa miaka tisa. Tangu hapo fundi alijikaza kisabuni: alinyoosha shati, aliamka na kumpeleka mtoto shule, alicheka mahali pa kucheka. Maji yalianza chini ya kitanda. Mwezi uliopita Mlingoti alikwenda kupima, akaandika Hapana, akaomba radhi mara tatu, na akitoka akagonga kichwa kwenye fremu ya mlango.

"Yalimfika hapa huyu," alisema shangazi mtu, akimnyooshea kidole Mlingoti kisha akionyesha katikati ya muundi. "Mtoto yanamfika magotini. Sasa nyie mnahesabu goti la nani?"

Mlingoti alikuwa mezani pake, hatua mbili tu kutoka hapo. Alishusha macho. "Dada yangu, kanuni si yangu."

"Najua si yako. Wewe ni mtu mwema. Miguu yako ndiyo haina huruma."

Mlingoti alitikisa kichwa kukubali. Alimwomba Sista Nukta aende yeye safari hii.

Nyumba ya fundi ilikuwa sebule na chumba kimoja. Fundi alikuwa amekaa juu ya meza yake ya kukatia, miguu inaning'inia majini, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa. Vipande vya vitambaa vilielea polepole kuelekea chini ya kochi, vikarudi. Binti yake alikuwa juu ya kabati fupi akifanya hesabu za shule. Babake alimwita Karani, kwa sababu aliandika kila kitu, na ukutani kando yake palikuwa na mistari mingi ya chaki ya ushonaji, kila mmoja na tarehe yake.

Sista Nukta alivua viatu, akavaa ndala, akaingia. Shangazi alibaki mlangoni.

"Habari za hapa?" aliuliza Sista Nukta, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri.

"Nzuri," alijibu fundi.

Maji yakapanda upana wa kidole. Karani akachora mstari.

"Na kazi, inaendaje?"

"Nzuri tu, tunashukuru. Sijambo kabisa."

Yakapanda tena. Karani akachora mwingine, kisha akaweka chaki chini. "Usimsalimie, Sista," alisema. "Akisema nzuri yanapanda. Juzi walikuja wageni saba."

Sista Nukta alilikubali hilo kama alivyokubali vipimo vya presha. Alikunja suruali, akasimama katikati ya sebule, miguu pamoja, akaangalia. Maji yalikuwa chini ya goti lake kwa vidole viwili. Alipima upya kwenye mguu wa pili, ambao siku zote alihisi ni mfupi kidogo. Vidole viwili vilevile.

"Vidole viwili!" alisema shangazi. "Si umsalimie mara mbili tu, tumalize?"

Hakuna aliyecheka. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na Sista Nukta aliona kwamba kanuni yenyewe ndiyo iliyokuwa ikitaka hivyo, mtu asaidiwe akishazidiwa. Fundi naye alikuwa amelielewa. Alijiweka sawa juu ya meza kama mtu anayepigwa picha.

"Niulize, Sista," alisema. "Nitasema nzuri. Nimeshazoea."

Sista Nukta alimtazama yeye na kile kifungo cha shingoni. Alikuwa ameona wengi wa kufa na tai shingoni, lakini huyu alimhurumia zaidi. Hakumsalimia. Alimpa fundi mkoba amshikie, akaikunjua suruali yake kwa kuwa sasa haikuwa na maana kuikunja, akapiga magoti sakafuni.

Maji yalimfika kiunoni.

"Yamepita goti," alisema Karani.

"Yamepita," alisema Sista Nukta. Aliomba fomu na kalamu, akaweka alama kwenye Ndiyo. Mstari uliofuata uliuliza maji ni ya nani, kwa sababu ya mtu mzima yalikuwa na fomu ya njano, ya mtoto fomu ya waridi, na ya familia fomu ya buluu.

"Yangu," alisema fundi haraka.

"Yetu," alisema Karani.

Sista Nukta alichukua ya buluu. Akabaki palepale alipopiga magoti, maana kupanda na kushuka kulimchosha. "Sasa," alimwambia fundi, "sikuulizi habari. Niambie tu hapo chini ya kitambaa, kwenye cherehani, kuna nini."

Fundi alikitazama kile kitambaa. Karani alishika chaki, akangoja.

"Gauni la mke wangu," alisema hatimaye. "Limebaki mkono mmoja. Kila nikikaa nishone, mikono inakufa. Sijambo ni uongo, Sista. Hali yangu mbaya."

Maji hayakupanda. Karani alitazama ukuta, akatazama maji, akairudisha chaki mfukoni. Shangazi aligeuka akaangalia barabarani.

Baada ya hapo Sista Nukta alikwenda kila Alhamisi. Daktari wa hospitali kubwa alimwandikia fundi dawa, na Karani akajiunga na watoto wenzake waliokutana Jumamosi kwenye chumba cha pili cha ofisi, wote wakiwa na ndala zao. Fundi alijifunza kujibu salamu. Aliposema "leo afadhali" ilikuwa kweli leo ni afadhali, na aliposema "leo sina hamu na mtu" wateja walimwachia nguo mlangoni wakaenda zao bila kununa. Mwezi wa tatu wa ziara hizo alishona ule mkono. Gauni alilivaa shangazi kwenye sherehe ya shule, likambana kila upande, na akacheza nalo mpaka mshono ukaachia. Mwezi wa nne sakafu ilikauka. Palibaki unyevu kidogo chini ya kitanda, na hapo waliuacha.

Mlingoti hakuuliza kitu. Ila wiki moja baada ya fomu ile ya buluu alirudi ofisini suruali yake imelowa hadi mapajani. Aliianika dirishani, akamaliza siku akiwa na koti refu jeupe na soksi. Kwa miguu yake, kupiga magoti ilikuwa kazi ya hatua tatu, na watoto wa mitaa minane walipenda kumtazama akiifanya.

Nyumba zilizopokelewa kwa mwezi zilitoka kumi na moja zikafika thelathini na nane. Ripoti ilikwenda makao makuu. Makao makuu walishukuru kwa takwimu, wakasema zimewafumbua macho kuhusu ukubwa wa tatizo, na wakatuma waraka. Kuanzia tarehe mosi ya mwezi uliofuata huduma ingetolewa kwa maji yaliyofika kiuno, mpimaji akiwa amesimama wima. Nyumba zilizo chini ya hapo zingefungiwa mafaili. Wauguzi wangebaki wawili. Mlingoti aliusoma waraka amesimama, akausoma tena amekaa, kisha akaubandika ukutani kwa gundi kidogo sana, pengine utaanguka wenyewe. Haukuanguka.

Faili la fundi lilikuwa la kwanza kufungwa. Sista Nukta alilifunga mwenyewe, kwa mkono wake, akaandika "amepata nafuu," jambo ambalo lilikuwa kweli. Lakini Alhamisi ilipofika miguu yake ilimpeleka kulekule. Alikuwa na suruali mpya ya kazi, na kwa kimo chake hakuwahi kununua suruali isiyohitaji kupunguzwa. Shangazi alikuwa bado shuleni. Karani alikuwa sakafuni, sakafu kavu, akikata vitambaa. Fundi alimsimamisha Sista Nukta katikati ya sebule, akachuchumaa na pini mdomoni, akaanza kukunja mguu wa kwanza wa suruali.

Wiki ile Sista Nukta alikuwa ameandika Hapana kwenye nyumba tisa. Katika mojawapo mama na watoto wawili walikuwa wanakula juu ya meza, na maji yalipungua kiuno kwa vidole vitatu. Alisimama wima kama waraka ulivyotaka. Aliwaachia karatasi ya kurudi, na mtoto mdogo akaitengeneza mashua.

"Habari za kazi, Sista?" aliuliza fundi, kwa mazoea, bila kuinua kichwa.

"Nzuri," alisema Sista Nukta.

Sakafu ililowa kuzunguka viatu vyake. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Yaliingia kwenye soksi, yakafunika vidole, yakalainisha ncha ya suruali aliyokuwa ameishika fundi. Karani aliinua vitambaa vyake akaviweka mezani visilowe. Kisha akatoa chaki mfukoni, akainama kwenye mguu wa meza, akachora mstari mdogo chini kabisa, akaandika tarehe. Hakuuliza maji ni ya nani.

Sista Nukta alijitazama miguuni kitaalamu.

"Hayajafika goti," alisema.

Fundi alitoa pini mdomoni moja moja, akamsogezea kiti. "Kaa," alisema. "Sikuulizi habari."