Mwanafunzi wa Kumi na Mbili

Siku ya kuchagua masomo, ukumbi wa shule uligeuka soko, tofauti ni kwamba sokoni angalau unaonyeshwa nyanya kabla ya kudanganywa. Kila mwalimu alipewa meza yake awavutie watoto waliokuwa wanaingia madarasa ya mtihani. Wa Kompyuta alileta spika. Wa Biashara alitinga suti na jua lote lile. Wa Fizikia hakuleta kitu, alikaa tu na kalamu yake, na foleni yake ikatoka mlangoni mpaka uani. Mwalimu wa Ushonaji walimtupa kule kwenye kona, karibu na choo, kiasi kwamba kila aliyeisogelea meza yake alionekana kabanwa na haja.

Wanafunzi walimwita Mama Pindo. Jina lilitokana na tabia yake ya kuinama na kukagua pindo la nguo ya mtu yeyote, hata mgeni rasmi, huku akinung'unika, "Hii kakushonea nani, adui yako?" Alikuwa fundi, na alijua kufundisha, hilo hata waliomchukia hawakubisha. Lakini somo lake lilikuwa linakata roho. Mkuu wa shule alishatamka mbele ya walimu wote kwamba somo la mtihani lisilofikisha wanafunzi kumi na wawili linafutwa, na mwalimu wake anahamishwa kokote kwenye upungufu. Alilitamka hilo "kokote" huku kamkazia macho Mama Pindo, kisha akaomba apitishiwe sukari.

Basi Mama Pindo siku hiyo alijitoa mhanga. Alimvika kilemba cha ukoka kila aliyepita: wewe una mikono, wewe una jicho, wewe ukishika mkasi dunia itakutambua. Msichana mmoja aliyekuja kuuliza choo kiko wapi aliondoka kajiandikisha. Mpaka ukumbi unafungwa alikuwa na majina kumi na moja. Alihesabu akarudia, kama vile kuhesabu kunazaa.

Na kwenye foleni ya Fizikia, huku kabana vitabu kwapani, alisimama binti yake wa pekee. Nyumbani na shuleni walimwita Waya. Tangu utotoni hakuona kitu chenye skrubu akakiacha kilivyo. Cherehani ya umeme ya mama yake ilipokufa mota, mafundi wawili walishasema itupwe. Waya akaifungua juu ya meza ya kulia, akaiosha, akabadilisha kitu fulani chenye ukubwa wa punje, na cherehani ikanguruma. Alitaka kuwa mhandisi wa umeme. Hakulisema kwa majigambo, alilisema kama mtu anavyosema kesho ni Jumapili. Baba yake alishaondoka zamani, na habari zake hazistahili wino, kwa hiyo ndoto hiyo waliilea wawili tu, mama na mwana.

Shida ilikuwa moja. Kwenye ratiba, Fizikia na Ushonaji viliwekwa safu moja. Vinafundishwa saa ile ile, ukichukua hiki unakiaga kile.

Fomu zilitakiwa Jumatatu. Jumamosi mchana Mama Pindo alikuwa anapiga pasi, na alikuwa anaipiga kweli.

"Kumi na mmoja," alisema. "Mmoja tu, jamani. Mmoja!"

"Si utampata Jumatatu, mama," Waya alijibu kutoka kwenye beseni la vyombo.

"Nitampata wapi? Nimshone?"

Waya akacheka. Mama yake hakucheka. Akaendelea, na pasi inaendelea. Watamhamisha. Miaka yote hii, halafu watamtupa huko kusikojulikana. Na yeye Waya atabaki na nani? Itabidi wahame wote. Na shule za huko, nasikia hata maabara hazina, watoto wanachorewa betri ubaoni.

Hayo ya maabara hakuyasikia popote. Aliyatunga palepale, mdomoni, wala hakuona haya.

Waya alisuuza sahani moja kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mama, je, nikiingia mimi?"

"Hapana," mama akasema.

Lakini kuna hapana na hapana. Kuna ile inayofunga mlango, na kuna ile ya mgeni anayekaribishwa mezani, "hapana, nimeshiba," huku anavuta kiti. Yake ilikuwa hii ya pili, na mtoto wa kumzaa mwenyewe hakushindwa kuitambua.

"Nikiingia mnafika kumi na wawili. Hawakuhamishi."

"Hapana, mwanangu. Na Fizikia yako je?"

"Nitajisomea mwenyewe. Vitabu si vipo?"

Sasa hapo, hebu tuelewane. Huyu mama hakuwa mtu wa kusimuliwa mambo ya shule. Alikuwa mwalimu. Alijua kwamba Fizikia ya mtihani haisomwi jikoni, kwamba bila maabara na bila jina lako kwenye orodha hufanyi mtihani hata uwe na akili za kumwaga. Alijua vizuri kabisa. Neno moja tu lilitakiwa, na alikuwa nalo. Akaligeuza shati, akapiga pasi mgongo wake, kisha akasema, "Wewe mtoto una roho nzuri sana."

Basi. Hivyo ndivyo alivyomuuza mwanawe, na wala hakupandisha sauti.

Jumatatu walikwenda pamoja kwa mwalimu wa Fizikia, maana adabu ilitaka hivyo. Mama Pindo njia nzima alikuwa anajipanga. Alijua mwalimu yule atakataa. Atagonga meza, atasema huyu ndiye mwanafunzi wangu bora, haondoki mtu hapa. Na yeye atajitetea kidogo, kisha atakubali kushindwa, Waya atabaki kwenye Fizikia yake, na lawama zote zitakuwa za mwalimu. Alikuwa anaiombea hiyo lawama kimoyomoyo, tumpe haki yake.

Mwalimu wa Fizikia akaisoma fomu, akaipiga tiki.

"Sawa tu," alisema. "Kwanza maabara imebana. Na Ushonaji kwa msichana ni kitu kizuri, siku moja utawashonea wanao."

Akamwita anayefuata. Alikuwa mvulana mmoja mrefu ambaye kila mtu alijua alishawahi kuchomeka waya wa pasi mdomoni aone ladha ya umeme. Huyo akashikwa bega, akaambiwa, "Kijana, karibu, hapa ndipo penyewe."

Mama Pindo alitaka kumrukia mwalimu. Lakini angemrukia kwa lipi, wakati aliyempeleka mtoto pale ni yeye mwenyewe? Akasema asante mwalimu. Waya alikuwa anaangalia kabati la vioo lenye balbu na sumaku. Aliliangalia mpaka walipotoka.

Darasa la Ushonaji likaanza na wanafunzi kumi na wawili. Kwa muda Mama Pindo aliishi. Aliimba akiwa anakata vitambaa. Waya alikaa mstari wa nyuma, akajifunza kujaza uzi kwenye bobini na kupiga mshono ulionyooka, bila kulalamika na bila furaha yoyote. Kitu pekee alichokifanya kwa hamu ni kuzipaka mafuta cherehani zote za shule, hata zile zilizokuwa zimeshasahauliwa chini ya turubai. Mama aliliona hilo, akajipa moyo kwamba mtoto anaanza kuzoea. Watu wazima tunajua kujidanganya kwa vitu vidogo.

Halafu mwalimu wa taaluma, yule anayeshughulika na mambo ya mitihani, akamwita ofisini. Alikuwa na sauti ya upole, na sauti yake ikiwa ya upole ujue umekwisha.

"Mwalimu, kuna jambo dogo. Binti yako yumo kwenye darasa lako la mtihani."

"Ndiyo. Ni wa kumi na mbili."

"Ndipo penye tatizo. Ushonaji nusu ya alama inatoka kwenye kazi ya mikono, na unayesahihisha ni wewe. Kanuni inasema mwalimu hawezi kushika darasa la mtihani lenye mwanawe."

Kanuni Mama Pindo aliijua. Aliijua kuliko wote, maana mwaka ule mwalimu wa Kilimo alipompa mwanawe alama zote kwa bustani iliyoota magugu matupu, aliyesimama na kupiga kelele kwenye kikao alikuwa yeye. "Mzazi hawezi kuwa hakimu!" alisema, na watu wakampigia makofi. Ila hakuwahi kuwa na mtoto darasani kwake, na hayo makofi yalishapoa zamani. Katika kuhesabu kwake kote, mmoja, mmoja, mmoja, hakufikiria hata mara moja kwamba huyo mmoja ni mwanawe mbele ya kanuni kama alivyo mwanawe jikoni.

"Basi mrudisheni Fizikia," alisema haraka. "Leo hii. Mimi nihamisheni, sina neno."

"Majina yameshapelekwa baraza la mitihani, mwalimu wangu. Hayabadiliki. Na hata yangebadilika, akitoka wanabaki kumi na mmoja. Somo linafutwa. Wale wengine utawaambia nini, wakati umewaita wewe?"

"Sasa nani atafundisha?"

"Mwalimu wa Upishi."

"Yule? Yule hata kifungo anafunga kwa pini!"

"Ana cheti," alisema mwalimu wa taaluma. "Na wewe usiwe na wasiwasi, hatukuhamishi. Mkuu kakuombea ubaki. Utasimamia stoo ya sare. Kuna makoti ya maabara yanatakiwa, utashona."

Alitaka kulia, akajikaza kisabuni. Alisema asante. Siku hizo alikuwa anashukuru kila mtu aliyemkata.

Alimwambia Waya wakiwa njiani kurudi nyumbani, kwa sababu njiani mtu haangalii mwenzake usoni. Alimwambia yote: kanuni, Upishi, stoo. Waya alitembea anapiga teke kifuniko cha chupa, anakifuata, anakipiga tena.

"Kwa hiyo Fizikia nimeikosa, na darasa umelikosa," alisema mwishowe.

"Kanuni nilikuwa naijua, mwanangu. Haikunijia tu. Wallahi haikunijia."

"Siulizi kanuni, mama." Akasimama. "Siku ile niliposema nitajisomea mwenyewe nyumbani. Ulijua kwamba haiwezekani?"

Kulikuwa na jibu la uongo, na Mama Pindo lilimjia mara moja, tayari limepigwa pasi. Lakini mtoto alikuwa anamtazama.

"Mimi nilikuwa sijui," alisema Waya. "Nilidhani inawezekana."

Akaendelea kutembea. Kile kifuniko akakiacha.

Makoti ya maabara yalishonwa stoo, chumba kisicho na dirisha, kilichonuka mpira wa viatu na sabuni. Wanafunzi wa Fizikia waliletwa kupimwa, mmoja mmoja. Yule mvulana wa waya wa pasi alikuja akacheka kila tepu ilipomgusa kiuno. Mama Pindo aliwapima, akawakatia, akawashonea. Mkono wake haukuwahi kujua kushona vibaya hata ulipotaka. Alipomaliza na kuyapanga kwenye rafu, likazidi moja. Alilitazama mabega, urefu wa mikono. Hakuna aliyekuja kupimiwa lile. Vipimo vyake hakuhitaji tepu, alivijua tangu nguo ya kwanza ya shule.

Mchana huohuo mlango ukagongwa. Alikuwa Waya, katumwa uzi mweusi na mwalimu wa Upishi. Mkononi alikuwa na sketi yake ya mradi, ile itakayotolewa alama, na pindo lilikuwa limekwenda upogo vibaya sana, limepanda huku, limeshuka kule.

"Nani kakuelekeza hivi?" Mama Pindo aliinama kama kawaida yake, akanyoosha mkono. "Lete hapa. Hili unalifumua tu kidogo, unapiga pasi, unashikiza upya, wala halichukui hata..."

Waya akairudisha sketi nyuma ya mgongo.

"Usiguse, mama," alisema, bila hasira. "Utanifutia alama."

Mama Pindo akaurudisha mkono. Akampa uzi. Waya alisaini kitabu cha stoo, na alipoinua kichwa macho yake yakatua kwenye lile koti jeupe lililokaa peke yake pembeni ya mengine. Alilishika pindo, akalikagua sawasawa alivyomwona mama yake akikagua ya watu maisha yake yote.

"Hili la nani?"

"Limezidi tu."

"Limeshonwa vizuri," alisema Waya, akalirudisha juu ya rafu, akatoka na uzi wake kurudi darasani, kwa sababu kipindi kilikuwa hakijaisha.