Breki za Mama Lamria

Tiopan Sitorus alikuwa fundi aliyeaminiwa na mji mzima wa Siantar, isipokuwa mkewe, na mkewe alikuwa na sababu zake. BSA zote za mji ule zilikuwa zimepita mikononi mwake, zile pikipiki za Kiingereza za tangu enzi za vita ambazo watu wa Siantar wamezifunga kigari cha abiria ubavuni na kuziita bechak. Vipuri vyake haviuzwi dukani. Kikivunjika kitu, unakichonga.

Jumanne hiyo aliletewa bechak ya shemeji yake Humala, kaka wa mkewe. Humala mwenyewe alikuwa amejazana ndani ya kigari, mguu wa kulia una plasta mpaka pajani, maana miezi miwili nyuma aliteleza kwenye ngazi za sokoni. Aliyeendesha ni mkewe, Mama Lamria, na abiria walishaanza kunong'ona kwamba anaendesha vizuri kuliko bwana.

Sasa hapo ndipo penye shughuli. Kwa Wabatak, kabila la watu hawa, mwanamume na mke wa shemeji yake ni bao, na bao hawasemeshani. Hawapokezani kitu mkononi wala hawakai benchi moja, na kutajana jina ni mwiko; mwanamke humwita bao wake amangbao tu. Si ugomvi hata kidogo, ni heshima, tena heshima nzito. Akikosekana mtu wa kupitishia maneno unaongea na ukuta, na bao wako anasikia. Tiopan na Mama Lamria walikuwa wameishi hivyo miaka ishirini na sita, na ukweli ni kwamba walipendana sana.

Mama Lamria aliweka kifurushi cha lappet, vile vitumbua vya kufungia kwenye majani ya mgomba, juu ya tandiko la pikipiki. Akarudi nyuma hatua tatu.

"Baba Lamria, mwambie amangbao breki hazishiki. Jana nimeshuka mteremko wa soko nimekanyaga mpaka goti linauma. Nimesimamishwa na Mungu tu."

"Shemeji, anasema..."

"Nimesikia," alisema Tiopan huku akifungua lappet. "Muulize, ya mbele au ya nyuma?"

"Mke wangu, anauliza..."

"Zote! Na mwambie Jumamosi ndiyo harusi. Zisiposhika, mwanangu simpakii humu. Ataenda kanisani na gari la ukweni, basi."

Utani ukamwisha Humala. Bechak ile ndiyo iliyomlisha Lamria na kumsomesha, na tangu siku anazaliwa baba yake alikuwa ameapa kwamba atakwenda kuolewa ndani yake. "Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "kwa mguu huu siwezi kutembea naye mpaka kanisani. Nataka nikae naye humu. Nisaidie."

Tiopan angesema nini? Mtu aliyekupa dada yake humwambii hapana.

Alifungua magurudumu yote mawili ya pikipiki. Ndani ya kila dramu, lile bakuli la breki katikati ya gurudumu, mlikuwa na viatu viwili vya chuma, na bitana yake, ile inayokwaruza na kushika, ilikuwa imelika mpaka ribiti zinachungulia. Akakata bitana mpya kutoka kwenye breki ya lori, akazipiga ribiti moja moja, akazipiga tupa. Dramu nazo akazipitisha kwenye mashine ya kukerezea hadi zikang'aa. Fundi mwenye akili timamu angeishia hapo.

Lakini Tiopan alikuwa na kichwa kinachowasha. Katika breki ya namna ile, kiatu kimoja husukumwa na mzunguko wa gurudumu lenyewe, kikang'ata. Cha pili kinafuata tu kivivu. Je, vyote viwili viking'ata? Akachonga kipande cha pili cha kupanulia viatu, akaunga fimbo ya kukivuta, akageuza viatu. Akafanya hivyo mbele. Matokeo yakampendeza mno, akafanya na nyuma.

"Umeambiwa utengeneze," mkewe alimwambia, "hukuambiwa uvumbue."

"Ni kwa ajili ya binti wa kaka yako."

"Ndiyo maana naogopa."

Alhamisi wakaijaribu. Kushuka mteremko wa soko ilikuwa raha tupu. Mama Lamria aligusa tu, bechak ikatulia, Humala akapiga kelele za furaha ndani ya kigari. Mkewe akalipigapiga tangi la mafuta. "Ewe pikipiki, mwambie amangbao mikono yake ibarikiwe." Tiopan, aliyekuwa kando ya barabara, alitazama mawinguni ili asionekane anacheka kwa fahari.

Kisha wakapanda kilima cha kanisa, Tiopan akifuata nyuma kwa miguu, mbali kidogo. Katikati ya mlima mkokoteni wa kabichi ulikuwa umekwama njiani. Mama Lamria akasimama, injini ikazima. Bechak ikakaa kidogo kama inayofikiri, halafu ikaanza kurudi nyuma.

Akakanyaga breki. Akavuta ya mkono. Ikazidi kurudi.

Tiopan akaelewa palepale. Gurudumu likigeuka nyuma, kiatu kinachong'ata kinakuwa kivivu na kile kivivu kinang'ata. Yeye alikuwa ameviondoa vyote vivivu! Chini, kwenye kona ya barabara, kulikuwa na mtaro wenye kina cha mtu mzima, na Humala na plasta yake asingeweza kuruka. Mama Lamria, kwa hofu, alikuwa ameminya kila kitu kinachominyika, klachi ikiwemo.

"Shemeji, mwambie!" Tiopan alipiga kelele. Lakini shemeji alikuwa amefumba macho, anasali.

"Tiarma!" Sauti ilimtoka yenyewe. "Tiarma, achia klachi! Achia!"

Akaachia. Injini iliyozima ikalikamata gurudumu, bechak ikaruka, ikakohoa, ikasimama. Hatua mbili tu zilibaki kufika mtaroni.

Humala akafumbua jicho moja. "Shemeji, nimesikia vibaya, au umemwita mke wangu..."

Tiopan aligeukia ukuta wa ua wa kanisa, masikio yakimwaka moto. "Ukuta, waambie kosa ni langu. Breki ni kosa langu, na hilo lingine pia."

Mama Lamria akawasha injini, akaondoka bila kuituma pikipiki kwa lolote.

Ijumaa nzima Tiopan alirudisha breki ya nyuma kama Waingereza walivyoiacha, kimoja cha kwenda na kimoja cha kurudi. Ya mbele akaibakiza alivyoiboresha. Akaipandisha kilimani mwenyewe, akasimama, akashuka, akarudia mara tisa. Ilishika. Lakini juu ya tandiko hakukuwa na lappet, na jambo hilo lilimuuma.

"Jina lake la ubatizo!" mkewe alisema. "Barabarani! Hata kaka yangu halitumii."

"Ningefanyaje, nimwandikie barua?"

Jumamosi bechak ilifungwa maua. Lamria alikaa na baba yake kigarini, wameshikana mikono, Humala akilia waziwazi bila aibu yoyote. Mama Lamria, amevaa ulos, kile kitambaa cha heshima cha Kibatak, begani, akakamata usukani. Ndugu wakafuata kwa miguu, na Tiopan mwisho kabisa, amebeba sufuria ya nyama.

Katikati ya kilima cha kanisa, mahali palepale, bechak ikasimama. Hapakuwa na mkokoteni. Mama Lamria akazima injini kwa makusudi, akakanyaga breki, akatoa mikono yote miwili kwenye usukani. Msafara mzima ukashikwa na butwaa. Bechak haikusogea hata inchi.

Akainamia tangi la mafuta, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye sufuria ya nyama.

"Ewe pikipiki, mwambie amangbao breki zinashika. Mwambie mwanangu nimempakia." Akaiweka vizuri ulos yake begani. "Na mwambie tangu mama yangu alipofariki, mimi ni Mama Lamria tu. Hakuna aliyeniita jina langu tena. Mwambie nililisikia. Mwambie asithubutu kurudia. Lakini mwambie asante."

Kisha akapiga teke injini, ikaitika. Tiopan akainamia sufuria ya nyama. "Sufuria, mwambie nimesikia," alisema, lakini pikipiki ilikuwa imeshaondoka.